Kuandaa kongamano ukiwa ughaibuni: Kwa nini mwandaaji hukosa usingizi

MFANYABIASHARA wa mifugo kutoka Hulugho anayekubali kuongoza kamati ya kuandaa kongamano kubwa la biashara huwa amekubali kazi mbili ambazo aghalabu hugongana. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ukumbi, chakula, malazi na wakalimani vinapatikana kwa siku iliyotangazwa. Ya pili ni kuwatafuta wanunuzi na wawekezaji watakaoufanya mkutano huo uwe na maana, nao hawapatikani Hulugho. Wako Dubai, Muscat, Jeddah na miji mingine ya ng'ambo. Kwa hiyo hulazimika kupanda ndege katika wiki zile zile ambazo wenzake nyumbani wanamhitaji zaidi.

Wengi wetu hudhani kwamba kinachomchosha mtu wa aina hii ni wingi wa shughuli. Wataalamu wa afya ya kazini wana maelezo tofauti kidogo, na maelezo hayo yanastahili kufahamika na yeyote anayejiandaa kubeba jukumu kama hilo, awe wa Garissa, Mombasa au Mwanza.

Mwaka wa 1979 msomi wa Marekani, Robert Karasek, alichapisha nadharia ambayo imeendelea kutumiwa hadi leo. Alieleza kwamba kazi humletea mtu msongo wa mawazo hasa pale mambo mawili yanapokutana: madai mazito na uwezo mdogo wa kuamua jinsi ya kuyatimiza. Mtu mwenye kazi nyingi lakini mwenye mamlaka ya kuipanga anaweza kuchoka, kisha akalala fofofo. Mwenye kazi nyingi asiyeweza kugusa chochote hukesha. Uchunguzi wa muda mrefu ulioanza 1985 miongoni mwa watumishi wa serikali mjini London ulielekea upande huo huo. Wale waliokuwa na uwezo mdogo wa kuamua mambo kazini walikabiliwa zaidi na maradhi ya moyo.

Mwandaaji aliye safarini ni kielelezo kamili cha hali hiyo. Lawama zote zitamwangukia yeye, ilhali funguo zote ziko mikononi mwa watu walio mbali. Hawezi kuingia jikoni kuonja wali. Hawezi kumtazama usoni mwenye hoteli anayesema vyumba vipo. Anachoweza ni kupiga simu na kungoja.

Hulugho ni kituo kilicho kusini mashariki mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, katika eneo la Ijara ambalo linajulikana kwa ng'ombe. Kusini kuna msitu wa Boni, ambako serikali ilianzisha operesheni ya kiusalama ya Linda Boni mwaka wa 2015 ili kuwafurusha wapiganaji wa Al-Shabaab. Anayeishi huko huwa mbali na mambo hata akiwa nyumbani kwake. Kongamano lenyewe haliwezi kufanyika kijijini. Litafanyika Garissa mjini au Nairobi. Yaani mwandaaji wetu anapokuwa Hulugho yuko mbali na ukumbi, na anapokuwa Dubai yuko mbali na ukumbi na vilevile na wafugaji anaowawakilisha.

Umbali huo wa pili ndio mgumu zaidi. Katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Lamu, minara ya simu imeshambuliwa na kuharibiwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Mnara ukianguka, mji mzima hunyamaza. Mtu aliye Muscat anayepiga simu Hulugho na kuambiwa kwamba nambari haipatikani hana njia ya kujua kama ni hitilafu ya kawaida, kama ni betri imekwisha, au kama kuna jambo limetokea usiku. Akili ya binadamu haiachi pengo kama hilo wazi. Hulijaza kwa yale mabaya inayoyajua. Kesho yake kijana wa kamati hupatikana na kusema, "Adeer, samahani, mtandao haukuwepo, kila kitu kiko sawa." Lakini usiku ule umeshapita bila usingizi.

Na kuna sababu ya mambo haya kuchukuliwa kwa uzito kuliko inavyokuwa kwa mkutano wa kawaida wa hotelini. Mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na zaidi ya mifugo milioni 2.5 ikafa nchini Kenya, mingi ikiwa ya wafugaji wa kaskazini. Familia iliyobakiwa na ng'ombe wanane kati ya sitini haitazami kongamano la wanunuzi kama hafla ya hotuba. Inataka kujua bei. Mwandaaji analijua hilo, na ndilo linalomkosesha raha anapoona barua pepe ya mnunuzi mkubwa haijajibiwa kwa siku nne.

Kosa la kawaida kabisa katika maandalizi ya mbali ni la saa. Sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia macheo, na wageni wetu wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Barua ikiandikwa kwa Kiingereza kwamba wakalimani wafike "10:00", msomaji mwenye haraka ataisoma kuwa saa kumi, naye atafika alasiri wakati mkutano uliotakiwa kuanza saa nne asubuhi umeshavurugika. Dawa yake ni rahisi, yaani kuandika saa kwa namna zote mbili katika kila ratiba, lakini nimehariri mialiko mingi katika maisha yangu ya kazi na ninaweza kuhesabu kwa vidole ile iliyofanya hivyo.

Halafu kuna tofauti ya majira. Saa nne asubuhi ya Garissa ni saa tano ya Dubai, na ni saa tisa alasiri ya Guangzhou, mji wa Uchina ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hununua bidhaa. Mjini Minneapolis, Marekani, kwenye jamii kubwa ya Wasomali ambao huchangia sana miradi ya nyumbani, saa hiyo ni saa saba usiku wakati wa baridi na saa nane usiku wakati wa kiangazi. Kikao cha kamati kinachotaka watu wa miji yote minne hakina saa nzuri. Kila mara kuna mmoja anayenyimwa usingizi, na mara nyingi ni yule yule mwenyekiti, kwa kuwa anaona aibu kuwaamsha wafadhili.

Wiki ya kazi nayo hailingani. Nairobi hupumzika Jumamosi na Jumapili. Saudi Arabia na Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Muungano wa Falme za Kiarabu uliachana na utaratibu huo kuanzia Januari 2022, ukachukua Jumamosi na Jumapili pamoja na nusu ya Ijumaa. Garissa, ofisi za serikali hufunguliwa Ijumaa, lakini hakuna atakayekuwekea saini hati yoyote wakati wa sala ya adhuhuri. Ukizitoa siku hizo zote unabakiwa na Jumatatu hadi Alhamisi, siku nne tu ambazo benki ya Nairobi na ofisi ya Muscat zote ziko kazini kutwa. Ongeza Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya kawaida, na msimu wa Hija, ambapo wanunuzi wa mifugo wa Ghuba wanashughulika kupita kiasi. Mwandaaji anayechagua tarehe kwa kutazama kalenda ya ukutani peke yake anajitafutia balaa.

Wageni wenyewe watafikaje? Hapa mwandaaji wa mpakani ana mzigo ambao mwenzake wa Kisumu hana. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha kutoza viza na badala yake ikaanzisha idhini ya kusafiri ya kielektroniki ambayo mgeni huiomba kwa intaneti kabla ya safari. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha raia wa karibu nchi zote za Afrika waondolewe sharti hilo, isipokuwa wa Somalia na Libya, kwa sababu za kiusalama. Kwa hiyo mnunuzi kutoka Accra alirahisishiwa safari kuliko mnunuzi kutoka Kismayu, mji ulio upande wa pili wa mpaka na Hulugho.

Safari za ndege nazo zimewahi kukatika ghafla. Mei 11, 2021 Kenya ilisimamisha safari zote za ndege kati yake na Somalia kwa kipindi cha miezi mitatu. Zuio hilo liliondolewa mwezi mmoja hivi baadaye. Kwa msafiri wa kawaida hiyo ni adha. Kwa mtu aliyekwisha kulipia vyumba vya wajumbe wa Mogadishu, ni hasara. Na hakuna bidii yoyote ya kamati ambayo ingeweza kulizuia.

Mvua pia ina ajenda yake. Wenye kongamano hupenda Novemba kwa kuwa bajeti za mwaka zinakaribia kufungwa, lakini Novemba ni katikati ya mvua za vuli. Mwaka wa 2023 mvua za El Nino zilifurika na kuikata barabara ya Garissa kuelekea Nairobi karibu na Madogo, magari yakakwama pande zote mbili. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yakarudi, na watu wakapoteza maisha pale mashua iliyokuwa ikiwavusha huko Kona Punda ilipozama. Wageni waliotua Nairobi wakitarajia basi la kuwafikisha Garissa wangefanya nini? Swali hilo linapaswa kuulizwa miezi sita kabla ya kongamano.

Kisha kuna jambo ambalo mnunuzi wa ng'ambo atalitaja kabla hajaketi: afya ya mifugo. Mwishoni mwa 2006 na mapema 2007 homa ya Bonde la Ufa ilizuka kaskazini mashariki, na Garissa na Ijara zikawa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Watu walikufa, usafirishaji wa mifugo ukapigwa marufuku na soko la Garissa, ambalo ni kati ya masoko makubwa ya mifugo katika kanda hii, likafungwa. Kabla ya hapo, mwaka wa 2000, Saudi Arabia ilikuwa imezuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika kwa sababu ya homa hiyo hiyo, na Somalia ikangoja hadi 2009 kuruhusiwa tena. Ugonjwa huu huenezwa na mbu na hufuata mvua kubwa. Ina maana kwamba mwandaaji anayewashawishi wanunuzi mjini Jeddah anaweza kupokea habari kutoka nyumbani, jioni moja tu, kwamba mvua imezidi na madaktari wa mifugo wameanza kuchukua sampuli za damu. Asiposema, atakuwa amewaficha wageni. Akisema, huenda hakuna kongamano. Uamuzi wa namna hiyo ni mzito kwa mtu aliye kwenye chumba cha hoteli ugenini, bila wazee wa kushauriana nao.

Historia inaonyesha kwamba hata serikali zenye uwezo mkubwa zimetokwa na jasho katika kazi hii. Jumba la KICC jijini Nairobi lilianza kujengwa mwaka wa 1967 likikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Kenya ilipokubaliwa kuandaa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, mchoro ukapanuliwa na jumba likawa la ghorofa 28. Lilifunguliwa rasmi Septemba 1973, wiki chache tu kabla ya wageni kuketi humo mwezi huo huo. Mtu anaweza kukisia usingizi wa wahandisi ulikuwaje mwezi wa Agosti.

Ilichukua miaka 50 kwa mkutano huo kurejea barani Afrika, safari hii mjini Marrakech, Morocco, Oktoba 2023. Usiku wa Septemba 8, mwezi mmoja kabla ya ufunguzi, tetemeko la ardhi liliua karibu watu 3,000 katika milima iliyo jirani. Waandaaji, ambao makao yao ni Washington, walilazimika kuamua kutoka mbali iwapo mji ule ungeweza kupokea maelfu ya wageni bila kuwanyang'anya waathiriwa malazi na huduma. Walituma wataalamu kukagua hali, wakashauriana na wenyeji, kisha wakaendelea.

Mfano unaowagusa zaidi wakazi wa Hulugho, ingawa haukuwa wa biashara, ni mkutano wa maridhiano ya Somalia uliofunguliwa Eldoret Oktoba 15, 2002. Ulipangwa kwa wajumbe wapatao 300, lakini waliofika walikuwa mamia zaidi, kila ukoo na kila kundi likidai viti vyake. Mahoteli yalijaa na gharama zikapanda. Desemba mwaka huo Kenya ikafanya uchaguzi na serikali ikabadilika. Mapema 2003 mwenyekiti Elijah Mwangale akampisha Balozi Bethuel Kiplagat, na mwezi Februari kikao chote kikahamishwa hadi Mbagathi, Nairobi, mahali palipokuwa na gharama nafuu. Mkutano haukumalizika hadi Oktoba 2004, Abdullahi Yusuf alipochaguliwa kuwa rais. Yeyote anayeandaa kongamano katika kanda hii anapaswa kuichunguza ile hesabu ya wajumbe. Kwetu mwaliko wa mtu mmoja husomwa kuwa mwaliko wa watatu, na mpishi asiyelijua hilo huaibika.

Turudi kwa mwili wa msafiri. Kila binadamu ana saa ya ndani inayoongozwa na mwanga, na saa hiyo hujirekebisha polepole, takriban saa moja kwa siku. Safari ya kuelekea mashariki huwa ngumu zaidi kuliko ya magharibi kwa sababu humtaka mtu alale mapema kuliko mwili ulivyozoea. Aliyetoka Nairobi kwenda Guangzhou atahitaji siku nne au tano kabla ya usingizi kutulia, na ratiba yake pengine ina siku tatu. Ndani ya hizo, mchana anakutana na wanunuzi na usiku anajibu simu za Garissa. Mtu aliyekosa usingizi hukasirika upesi, husahau, na hufanya uamuzi wa pupa. Ndipo wenzake nyumbani wanapoanza kusema kwamba mzee amebadilika.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu mwezi Mei 2021 zilizoonyesha kwamba kufanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, ikilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Mwandaaji wa kongamano katika mwezi wa mwisho huzipita saa hizo 55 kabla ya Ijumaa. Tena wengi wa wazee wetu wanaopewa nyadhifa hizi wana shinikizo la damu au kisukari, na dawa zao hufuata saa za nyumbani. Msafiri wa namna hiyo amwone daktari kabla ya kuondoka ili aelekezwe jinsi ya kubadilisha saa za kumeza dawa.

Kuhusu kinachosaidia, ushauri wa kawaida wa kupumua kwa utulivu na kutembea jioni haudhuru, ila haugusi kiini. Ikiwa tatizo ni jukumu lisilo na mamlaka, basi mamlaka ndiyo yanayopaswa kuhamishwa. Kabla ya kwenda uwanja wa ndege, mwenyekiti amwachie naibu wake uwezo halisi, ulioandikwa na kutiwa saini mbele ya kamati: kiasi gani cha fedha anaweza kutumia bila kuuliza, mikataba gani anaweza kutia saini, na ni mambo gani mawili au matatu tu ambayo lazima yamsubiri mwenyekiti. Hapa ndipo kamati nyingi hukwama. Hundi huhitaji saini mbili, moja ikiwa ya mtu aliye Dubai, nao wenye ukumbi wanataka arubuni leo. M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, imepunguza tabu hiyo kwa malipo madogo, lakini bili ya ukumbi na malazi ya mamia ya watu huhitaji benki. Kuongeza mtia saini wa tatu aliye nyumbani ni shughuli ya asubuhi moja, nayo huwaudhi wale tu waliokuwa wakifaidika na ukiritimba.

Simu nazo ziwekewe saa. Kamati ikikubaliana kwamba taarifa itatumwa mara moja kwa siku, hata kama ni maneno mawili kwamba hakuna jipya, mwenyekiti hatakesha akitazama skrini. Na kwa Hulugho, ambako mtandao unaweza kutoweka, mtu wa pili awekwe Masalani au Garissa mjini, mwenye njia ya kupata habari kutoka kwa madereva wa magari ya abiria. Madereva hao ndio waliokuwa shirika la habari la eneo hilo kabla ya simu, na bado hawajastaafu.

Suala la nani abaki nyumbani lina uzito wake wa kijamii. Katika jamii ya Wasomali wa Kenya, naibu anayetoka ukoo mwingine anaweza kutiliwa shaka na watu wa mwenyekiti, na anayetoka ukoo ule ule anaweza kutiliwa shaka na wengine wote. Kamati kadhaa za wafanyabiashara zimetatua hilo kwa kuwaachia mamlaka watu wawili kwa pamoja, mmoja wao akiwa mwanamke. Wanawake wanaouza maziwa ya ngamia mjini Garissa wana tajriba ya miaka mingi ya kupokea mzigo kutoka mbali kila asubuhi, kuugawa kabla haujaharibika na kurudisha pesa kwa wenyewe bila stakabadhi ndefu. Ukitafuta mtu wa kusimamia chakula cha wageni 400 huku mwenyekiti akiwa angani kati ya Jeddah na Nairobi, anza kumtafuta katika soko hilo la maziwa, na uende mapema, kwani kufikia saa tatu asubuhi watakuwa wamemaliza kazi yao.